Haki ya Kukaa Eda

"Posa ililetwa na wazee watatu na sahani ya halua," nilimwambia. "Kuiondoa unakuja peke yako, na kandambili."

Abdulrahim alikuwa amekaa barazani kwangu, mgongo ukutani, nami niko ndani ya mlango kwenye kigoda, pazia katikati yetu. Hivyo ndivyo tulivyozungumza tangu alipoanza kunijia: yeye nje, mimi ndani, mlango wazi, ili mtaa wetu wa Msambweni uone kwamba hakuna cha kuona. Mjane wa miaka arobaini na saba akimwingiza mwanamume ndani kabla ya ndoa, habari hufika sokoni kabla ya chai kupoa. Ubaya wa mpango huo ni kwamba hata ugomvi hufanyika mlangoni, kwa sauti ya chini, kama watu wanaopanga kuiba kuku.

"Sikumtuma mtu kwa sababu nilitaka usikie kutoka kwangu," alisema mwishowe.

"Nimesikia. Sasa nipe sababu. Arusi ni Ijumaa. Mchele uko chumbani, na kaka yangu ameshaalika nusu ya Majoreni."

"Sababu siwezi kuisema."

"Basi nitaisema mimi. Ni Ummi."

Ummi ni binti yangu, ameolewa Ukunda. Tangu posa ije alikuwa akinipigia simu kunihubiria. Wanawake wa umri wangu huozesha, hawaolewi. Baba yake hajafutika bado midomoni mwa watu. Na yeyote atakayeingia nyumba ile asitarajie kuitwa baba. Nilidhani hotuba hiyo sasa imemfikia na bwana arusi.

"Ummi hajanikosea," alisema.

"Basi ni mwanamke."

Alicheka, kicheko kifupi kikavu. "Mwanamke gani atanitaka mimi na matope haya?"

Matope hayo ndiyo yaliyotukutanisha. Mimi ni msimamizi wa dobi katika hoteli moja ya Diani. Nina diploma yangu ya chuo, na kazi yangu ni mashuka, taulo na watu wanaoyaharibu. Abdulrahim ana kitalu cha mikoko huko Gazi, na wageni wa hoteli hupelekwa kwake kupanda miche. Walikuwa wakirudi na taulo zetu nyeupe zimejaa tope jeusi la mikokoni, tope lisilosikia sabuni wala dua. Siku moja nilipanda gari la wageni, nikaenda kumgombeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, amesimama majini hadi magotini, kisha akaniuliza kama nimekwisha kula. Safari iliyofuata, wageni walirudi na taulo safi. Alikuwa amewakatia magunia ya kufutia miguu, na juu ya taulo akaweka chupa ya asali ya mikoko, imefungwa kwa kitambaa. Dereva akaniambia, "Hii ni ya mama mkali."

Mwanamume kama huyo haachi posa kwa sababu ya upuuzi. Hilo ndilo lililonitia hofu.

Ng'ambo ya njia, Bi Dama alikuwa anakaanga viazi karai. Yeye ni Mduruma wa Kinango, na kwa miaka yote tuliyokaa jirani sijamwona akikosa neno. Alipiga kelele kutoka kwenye karai lake kuuliza kama mgeni wangu leo amefunga, maana haoni kikombe wala sahani. Nilimjibu kwamba mgeni amekuja na chakula chake, anakula maneno yangu. Akacheka peke yake, akarudi kwa viazi.

"Mwanarusi," Abdulrahim aliita. Alizoea kuniita Mama Ummi. Alipotaja jina langu nilijua sasa anasema. "Nilikwenda Mombasa."

Akanisimulia, taratibu, kama mtu anayetoa miiba mguuni. Miezi miwili kifua kilikuwa kikimbana akibeba miche. Alidhani ni upepo, akanywa tangawizi. Kisha siku moja alishindwa kutoka majini, wenzake wakamshika mikono. Hospitali ya karibu wakampeleka kwa mabingwa wa moyo Mombasa. Huko alilazwa kwenye mtambo kama bomba kubwa, akachomwa dawa inayong'arisha mishipa, joto likampanda mwili mzima mpaka akadhani amejikojolea. Sauti ikamwambia avute pumzi, aizuie. Kufumba na kufumbua picha ya moyo wake ikawa tayari.

"Wakasema nini? Mshipa umeziba?"

"Haujaziba. Wamesema umepungua njia kidogo tu, jambo la kawaida kwa umri wangu."

"Sasa?"

"Kuna mafuta."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mbuzi ana mafuta ya moyo na hakuna anayeachana naye. Nikajizuia. Akaendelea. Moyo umezungukwa na mafuta, na mishipa inayoulisha damu imepita humo. Madaktari wale wana utafiti, wanazipeleka picha zikapimwe hayo mafuta, si mshipa peke yake. Ukuta wa mshipa ukiwa na mwako, yaani umewaka ndani kwa ndani kama jeraha linavyowaka kabla ya kutunga usaha, yale mafuta ya pembeni hupata habari mapema. Hubadilika, hulowa maji. Kwa macho huoni kitu, lakini picha inayapima na kuyajua.

"Daktari alisema ni kama jirani," alieleza. "Nyumba ikiungua kwa ndani, jirani ndiye wa kwanza kusikia joto la ukuta."

"Na jirani wako amesikia joto."

"Amesikia. Picha hii."

Alipitisha simu yake chini ya pazia, akaisukuma sakafuni hadi kwenye kidole changu cha mguu. Niliiokota. Ilikuwa na joto la mfuko wake. Nikaona kitu kama tawi limelala, na kando ya tawi rangi zilizotiwa na kompyuta. Nyekundu nyingi, na mahali pamoja utepe mwembamba wa njano unaong'aa. Nilimwambia ile nyekundu inatisha.

"Si nyekundu," alisema. "Nyekundu ni nzima. Ni ile njano."

Niliitazama njano ile muda mrefu. Nilikaa na marehemu mume wangu Sharif miaka ishirini na moja, nikamzalia, nikamuuguza mafua na malaria, na sikuwahi kuuona moyo wake. Huyu ambaye hata mkono sijamshika, moyo wake ulikuwa kiganjani mwangu na mshipa wake unaouma. Nilipitisha kidole juu ya kioo, picha ikakua, nikaogopa kama nimemgusa pabaya.

"Sasa umeelewa," alisema. "Sharif alikufa kwa moyo. Nikuoe Ijumaa, nianguke mwezi ujao, wakurudishe chumba kile kile, ukae eda nyingine? Siwezi. Nimekwambia siwezi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yake.

Nitasema eda yangu ilivyokuwa, maana asiyeikaa huidhani ni idadi ya siku. Sharif alianguka kituo cha mafuta Ukunda, amesimama foleni na funguo mkononi. Mwezi uliotangulia walimfunga nyaya kifuani, wakapima mapigo, wakamwambia yuko sawa. Walimleta nyumbani, akaoshwa, akazikwa kabla ya magharibi, nami nikaingia chumba cha ndani. Mwanzoni nyumba haikuwa na pa kukanyaga. Wanawake walilala mpaka ukumbini, wakapika, wakasoma, wakanisimulia maiti wengine ili wangu aonekane mdogo. Baada ya hitima jamvi likapungua. Mmoja ana mtoto shule, mwingine mume kaja. Ummi naye akarudi kwa mumewe. Mwisho wa eda hubaki wewe na ukuta. Hutoki, hujipaki manukato, hupokei wanaume, na wanawake wamechoka kuja.

Na eda ikiisha, upweke wenyewe hauna habari kwamba umeisha. Kazini mashuka hukunjwa na watu wawili, mmoja ncha hii, mmoja ncha ile, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena. Nyumbani nalikunja shuka langu peke yangu, nimelibana kwa kidevu. Nimekuwa fundi wa kidevu. Nimejifunza kupika wali wa mtu mmoja, na bado unabaki. Kuna Jumapili napitisha siku nzima bila kutoa sauti, hadi Bi Dama aniite ndipo nijue koo langu bado linafanya kazi.

Hayo yote Abdulrahim aliyafahamu. Nilimwambia mwenyewe, pazia hili hili katikati. Ndiyo maana alidhani ananihurumia.

"Umemaliza?" nilimuuliza.

"Nimemaliza."

"Basi nisikilize. Hii posa ukiiondoa, utaondoa na kunipenda?"

Nilisikia kandambili zikisugua sakafu ya baraza.

"Nimekuuliza."

"Hilo haliondoki."

"Na langu haliondoki. Kwa hivyo ukifa mwezi ujao, kama unavyojipangia, mimi nitafiwa. Tofauti ni moja tu. Nitakuja Gazi kwenye matanga yako kwa miguu yangu, nitavua viatu mlangoni, nitatafuta nafasi jamvi la nyuma pamoja na wanawake wanaoulizana bei ya muhogo. Dada zako watapewa mkono wa pole, na shangazi zako. Mimi nitapewa sahani. Nitakula wali wa matanga yako kama jirani, na alasiri nitaambiwa kwaheri, nirudi kazini kwenye taulo. Hakuna atakayenifungia mlango. Hakuna atakayesema, mwacheni, huyu amefiwa. Wewe unadhani eda ni adhabu. Eda ni haki, Abdulrahim. Ni watu kukubali kwamba aliyeondoka alikuwa wako. Unaninyang'anya hiyo, halafu unataka nikushukuru."

Sikuwa nimepandisha sauti. Ila ng'ambo ya njia mafuta yaliacha kulia karaini. Bi Dama alikuwa ameepua.

Niliona kivuli cha Abdulrahim kwenye pazia kikiinama, mikono imeshika kichwa. Pazia lilikuwa na uwazi wa vidole viwili upande wa bawaba, na siku zote tulikuwa tunajifanya hatuujui. Alikuja akauelekea. Niliona jicho lake moja, limelowa, na ndevu zilizoanza mvi, na alinitazama bila kumwonea haya mpita njia yeyote. Nami nilimwacha anitazame. Nilikuwa na leso ya jikoni na uso usiopakwa kitu.

"Unajua unachokiomba?" aliuliza.

"Najua. Nimeshawahi kuwa nacho. Wewe ndiye hujui unachokikataa." Nikapumua. "Tena, niambie neno kwa neno. Daktari alisema unakufa?"

"Hakusema hivyo."

"Alisema nini?"

Ikatoka kidogo kidogo. Daktari alisema hiyo njano ni onyo. Alisema watu wengi huanguka na mishipa yao haikuonekana imeziba, kwa sababu zamani hapakuwa na njia ya kuuona mwako wenyewe. Alimwandikia vidonge vya kila siku vya kushusha mafuta ya damu, akamwambia aache sigara, asibebe mizigo mizito mpaka aruhusiwe, arudi wampige picha nyingine waone kama mwako umepoa. Unaweza kupoa, alisema, ingawa hakuapa.

"Na vidonge umenunua?"

"Nimenunua."

"Viko wapi?"

Mfukoni. Pakiti haijafunguliwa hata pembe. Alikuwa amekwisha kujizika, basi dawa za nini.

Nilinyanyuka nikachota maji mtungini, nikapitisha gilasi chini ya pazia, nikamwambia ameze mbele yangu kama mtoto wa chekechea. Nilimsikia akimeza. "Sharif hakuonyeshwa," nilimwambia. "Walimpima wakamwambia aende zake, na moto ulikuwa ndani. Wewe umeonyeshwa mapema, na picha umepewa uitie mfukoni, na badala ya kuuzima unakuja kuniachia mchele. Mungu akufanyie nini tena?"

Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Naogopa, Mwanarusi. Nalala peke yangu kule Gazi, nasikia moyo unapiga sikioni. Nauhesabu mpaka alfajiri."

Hapo ndipo nilipoamua. Nilikuwa nimekwisha kujua kulala hivyo kulivyo, na sikuona kwa nini watu wawili wafanye kazi moja katika nyumba mbili.

"Leo," nilisema. "Baada ya alasiri."

"Leo nini?"

"Nikahi."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa watu watakula wali wao. Nikikuacha urudi Gazi na mawazo haya, kufika Ijumaa utakuwa shujaa na mimi nitakuwa hadithi. Nenda msikitini, umwone imamu. Habari yetu anayo, mwambie siku imebadilika tu. Koga. Na vua hizo kandambili."

Nilisikia akisimama, akapiga hatua, akarudi. "Nikija," alisema, "sitaondoka."

"Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa," nilimjibu, nikamrudishia simu yake chini ya pazia, nikaichukua yangu.

Nilimpigia kaka yangu Tsuma huko Majoreni. Yeye ndiye walii wangu, anayeniozesha, maana baba hayupo. Tsuma hapendi kuharakishwa. Aliuliza kama nimepatwa na wazimu au na jambo baya zaidi. Nilimwambia ukweli wote, mtambo na mafuta na njano, ili asije akasema nilimficha.

"Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea Sharif," alisema. "Unataka nikupeleke kwa mgonjwa mwingine wa moyo?"

"Ndiyo."

"Na nikikataa?"

"Nitapanda Kwale kwa kadhi, aniozeshe yeye, na mtaa utauliza kaka yangu alikuwa wapi. Shikamoo, kaka."

Alivuta pumzi ya mtu aliyenijua tangu nikinyonya. "Marahaba. Nipe muda nitafute pikipiki."

Kisha Ummi. Nilimweleza kwa maneno machache. Aliuliza kama nimeshindwa kungoja siku tano. Nilimwambia nimeshindwa. Akasema kwamba hata Ijumaa hakukusudia kuja, kwa hivyo simpunguzii kitu. Nilingoja aseme lingine. Nilisikia mtoto wake akilia nyuma, mjukuu wangu, na sahani zikigongana. "Haya, Mama," alisema, na simu ikafa. Nilibaki nimeishika sikioni.

Nilijikogesha mwenyewe, nikajifukiza udi mwenyewe. Mwanamwali wa pwani hufanyiwa, hajifanyii. Kuna somo wake, kuna shangazi, kuna wanawake wa kumsinga na kumpaka hina huku wakimwimbia matusi ya kumfunza. Mimi nilikaa kitandani kwangu, gauni la Idi mwilini, miguu bila hina, nikijifunga vifungo vya mgongoni kwa kuegemea mlango wa kabati. Kimoja kilinishinda, nikakiacha.

Tsuma alifika na vumbi la barabara hadi kope. Alisimama nyuma ya pazia na mashahidi wawili wa msikitini, akakohoa, akaniuliza kwa sauti ya rasmi, kama hajapata kuniona maishani, kama nimemwakilisha aniozeshe Abdulrahim kwa mahari tuliyoagana. Aliuliza mara tatu. Mara ya tatu sauti yake ilivunjika katikati, na mashahidi wakatazama chini.

"Nimekuwakilisha," nilisema.

Wakaenda. Nikahi ni ya wanaume na msikiti. Bibi arusi hubaki nyumbani, na kwa kawaida nyumba hiyo imejaa. Mimi nilikuwa na friji inayonguruma. Sikuambiwa dakika niliyokuwa mke. Pengine nilikuwa nimekaa kitandani, pengine nilikuwa nimesimama dirishani, pengine ilikuwa wakati nilipokwenda kufunga bomba lililokuwa linadondoka. Katika dakika moja ya hizo, mtu fulani alitamka jina langu mbele ya watu nisiowaona, mwingine akajibu nimekubali, na haki yangu ikaandikwa kwa Mungu, ya kukaa naye na ya kumlilia.

Ng'ambo ya njia Bi Dama alipiga kigelegele. Kimoja, kirefu, peke yake, hakuna wa kumpokea. Nikajua wanarudi.

Abdulrahim aliingia akatoa salamu, nikaitikia. Alikuwa amevaa kanzu ya kuazima, fupi kidogo, na nywele zimelowa. Tsuma alibaki ukumbini. Desturi yetu bwana arusi humpa mkono mkewe: huweka kiganja juu ya paji la uso wake, husoma dua. Alikaa kando yangu, akaweka. Kiganja kilikuwa kigumu, cha mtu wa matope, na kilikuwa baridi. Akaanza kusoma. Katikati akasahau. Akarudi mwanzo, akakwama pale pale.

Mimi nilikuwa naijua. Nimewahi kusomewa. Sikumsaidia. Nilifumba macho, nikamwacha aitafute mwenyewe, mkono wake ukiwa pale pale.